Unga, Poda au Vumbi? Deni Letu kwa Wenzetu wa Maabara

Jumamosi moja ya mwezi Machi tuliketi watu saba katika bustani ya Parc Léopold, ndani ya mtaa ambao watu wa Brussels huuita Quartier européen. Tulikuwa tumepita mzunguko wa Schuman, tumepiga picha mbele ya jengo la Berlaymont kama wageni wote wafanyavyo, na sasa tulikuwa tunakula chipsi. Sita kati yetu ni wanachama wa chama hiki. Wa saba ni mwenzetu wa kemia, mzaliwa wa Kwale, pwani ya Kenya, anayesomea shahada ya uzamivu hapa Ubelgiji. Simu yake ikalia. Alikuwa nyanyake.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Umekula? Mamako asema huko uliko kutwa wasaga unga. Ni unga wa nini huo?"

Mwenzetu akatutazama. Kazi yake ni kutengeneza unga mweupe wa dioksidi ya titani wenye fuwele za aina mbili, ambao ukipigwa na mwanga huvunjavunja uchafu ulio majini au hewani. Kwa Kiingereza angeieleza kazi hiyo kwa dakika kumi bila kupumua. Kwa Kiswahili, lugha aliyoanza nayo kusema, alitafuta neno, akalikosa, akajibu: "Ni mambo ya maabara tu, nyanya."

Sisi sita tulikuwa kimya. Tunaweza kubishana usiku kucha juu ya vina na mizani. Tunajua ngeli zote na tunawacheka wanaokosea. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumnong'oneza mwenzetu sentensi moja ya kumwokoa. Makala haya tunayaandika kukiri deni hilo, na kupendekeza namna ya kuanza kulilipa. Tunasema kwamba kazi ya kuifanya sayansi isemeke kwa Kiswahili ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kama ilivyo ya wanakemia, na kwamba kuichelewesha kuna gharama kwa watu halisi.

Mtaa ule tuliokuwa tumekaa umebishana juu ya unga huohuo kwa miaka. Mnamo Februari 2020 Tume ya Ulaya, yenye makao yake Berlaymont, ilichapisha kanuni iliyoiweka dioksidi ya titani kati ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani vikivutwa kwa pumzi. Kanuni hiyo haikugusa dioksidi yote. Ilihusu ile iliyo katika hali ya unga, wenye asilimia 1 au zaidi ya chembe ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 10. Ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2021. Baadhi ya watengenezaji na wafanyabiashara wakaenda mahakamani Luxembourg, na tarehe 23 Novemba 2022 mahakama ikaufuta uainishaji huo. Ufaransa na Tume zikakata rufaa. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikazikataa rufaa hizo, ikisema kwamba wataalamu waliotoa maoni hawakuzingatia mambo yote muhimu walipoupima utafiti mkuu waliouegemea.

Ukiisoma kesi hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, utaona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya jina na hali. Je, hatari iko katika kitu chenyewe, au katika namna kilivyosagwa? Kitu kikiwa kimefungwa ndani ya rangi ya ukutani ni kilekile kinachopaa kutoka kwenye gunia? Mahakama ya mwaka 2022 ilisema sheria ile inahusu vitu vyenye hatari katika asili yao, ilhali hapa hatari ilifungamanishwa na chembe za ukubwa fulani zinapojaa mapafuni. Wakati huohuo, mezani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja huo ilisema haiwezi tena kuihesabu dioksidi ya titani kuwa salama kama kiongezwa cha chakula, na Januari 2022 Tume ikaiondoa katika orodha ambako ilijulikana kama E171. Unga mmoja, na hukumu yake inategemea kama unauvuta, unaula au unaupaka.

Mtaa ule wenyewe unaijua habari ya vumbi. Berlaymont ilihamwa mwaka 1991 kwa sababu ya asbestosi iliyokuwa ndani yake, na Tume haikurudi mpaka 2004.

Sasa tujiulize: mabishano hayo yangefanyika kwa Kiswahili, tungeyafanya kwa maneno gani? Hapa ndipo tulipogundua kwamba lugha yetu haina upungufu tuliodhani inao. Tuna unga, tuna poda, tuna vumbi. Unga ni kitu kilichosagwa kwa makusudi, kina mwenyewe na kina kazi. Wenzetu wa Lubumbashi husema bunga, na maana ni ileile. Poda tumeizoea mwilini, ile ya mtoto baada ya kuoga. Vumbi halina mwenyewe. Limepaa, linaingia puani, mtu analifuta. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba unga ukimwagwa ovyo penye upepo umekuwa vumbi. Tofauti hiyo, ambayo kanuni ya Brussels iliieleza kwa asilimia na mikromita, imo tayari katika maneno mawili ambayo mtoto wa miaka mitano anayatumia bila kukosea. Kwa hiyo tunapendekeza: kile anachotengeneza mwanakemia kiitwe unga, na kile anachokivuta kwa bahati mbaya kiitwe vumbi. Poda tuwaachie wauza vipodozi.

Pagumu zaidi ni pale mwenzetu alipokwama, yaani aina mbili za fuwele. Dioksidi ya titani ni atomi moja ya titani kwa mbili za oksijeni. Lakini atomi hizo zinaweza kupangika kwa namna zaidi ya moja, na mipangilio miwili iliyo muhimu hapa ni anatasi na rutili. Wengi wetu tungekimbilia kuita kila mpangilio "awamu", kwa sababu kamusi ya Kiingereza imetuelekeza hivyo. Tunaonya dhidi ya hilo. Awamu ni kipindi. Tanzania ina Serikali ya Awamu ya Sita kwa kuwa ya tano ilimaliza, na hatukuwahi kuwa na awamu mbili Ikulu kwa siku moja. Anatasi na rutili katika unga wa mwenzetu hazipokezani zamu. Zinakaa pamoja, wakati mmoja, zikigusana. Neno "umbo" linatosha: unga wenye maumbo mawili ya fuwele.

Na unga wa namna hiyo tuuite nini? Mmoja wetu, wa kutoka Tanga, alisema bila kufikiri sana: "Huo si ni mseto?" Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja. Ukitafuna unavijua vyote viwili, lakini huwezi tena kuvitenganisha. Ukichukua wali uliopikwa peke yake ukaumwagia choroko zilizopikwa peke yake, hujapika mseto. Kemia ya unga huu iko karibu sana na upishi huo. Mwanga wa urujuanimno ukiupiga, elektroni hurushwa juu na kuacha tundu nyuma yake. Elektroni na tundu ndivyo vinavyofanya kazi ya kuvunja uchafu, lakini vina tabia ya kurudiana upesi, na vikirudiana kazi imekwisha kabla ya kuanza. Pengo la nishati la anatasi ni elektronivolti 3.2 hivi, la rutili ni 3.0 hivi. Maumbo hayo mawili yakigusana, elektroni huvuka mpaka kwenda umbo moja na tundu likabaki katika jingine, hivyo vikachelewa kukutana. Watafiti bado wanabishana elektroni huvuka kuelekea upande gani, lakini kwamba mguso ni jambo kubwa wengi wanakubali. Unga wa kulinganishia ulio maarufu kuliko wote duniani, P25, uliotengenezwa na kampuni ya Degussa ambayo leo ni Evonik, ni mseto wa namna hiyo: karibu asilimia 80 anatasi na 20 rutili. Fuwele mseto, basi. Neno tunalo jikoni.

Neno la tatu ni la kitendo chenyewe. Kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa tunakiita kichocheo. Kinachofanya hivyo kwa kusaidiwa na mwanga tunaweza kukiita kichocheo cha mwanga. Ila tuwe waangalifu na nomino ya tendo. Tukisema "uchochezi wa mwanga", polisi watataka maelezo, maana uchochezi kwetu ni kosa la jinai. Tuseme uchocheaji. Tofauti ya silabi moja tu, lakini ni ya aina inayohitaji mwanafunzi wa Kiswahili kuiona, na mwanakemia hawezi kulaumiwa kwa kuikosa. Hapa ndipo tunapohitajiana.

Wapo watakaosema maneno matatu si lugha ya maabara. Hebu basi tujaribu aya nzima, tuone kama inasimama.

Changanya isopropoksidi ya titani na isopropanoli kavu. Katika bilauri nyingine weka maji yaliyotiwa asidi ya nitriki kidogo. Dondosha mchanganyiko wa kwanza ndani ya maji hayo tone kwa tone, huku ukikoroga bila kuacha, kwa kuwa isopropoksidi ikikutana na maji huganda mara moja, na ukimimina kwa pupa utapata mabonge. Endelea kukoroga kwa saa kadhaa. Osha zile chembe nyeupe, zikaushe kwenye nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, zitwange kwenye kinu kidogo, kisha uzioke katika tanuri. Kwenye nyuzi 400 hadi 500 kwa kawaida utapata anatasi. Ukipandisha joto kuelekea 600 na zaidi, rutili huanza kujitokeza, mapema au kwa kuchelewa kutegemea usafi na ukubwa wa chembe. Ukizidisha sana utabaki na rutili tupu, chembe zimenenepa, na uso wa kufanyia kazi umepungua. Ustadi wote uko katika kujua wakati wa kuepua. Pima kwa eksirei: kwa mionzi ya shaba, anatasi huonyesha kilele kwenye pembe ya nyuzi 25.3 hivi, rutili kwenye 27.4 hivi, na ukilinganisha vilele hivyo viwili utakokotoa kiasi cha kila umbo. Kisha utie unga kidogo ndani ya maji yenye rangi ya bluu ya methilini, uuache gizani nusu saa ili rangi inayojishika juu ya chembe imalize kujishika, ndipo uwashe taa ya urujuanimno. Usisahau bilauri ya pili isiyo na unga, maana rangi hiyo hufifia kidogo hata kwa mwanga peke yake. Na tangu mwanzo hadi mwisho vaa barakoa. Unga ukipaa umekuwa vumbi.

Aya hiyo imeandikwa na watu sita wa Kiswahili na mmoja wa kemia katika alasiri mbili. Haikudai idhini ya serikali wala fedha za mradi.

Tusije tukadhaniwa tunaandika tangazo la biashara la unga huu. Sababu nyingine ya kuutafutia Kiswahili ni kuweza kusema pale usipofaa. Brussels ina mfano mzuri. Kati ya 2011 na 2013, watafiti wa mradi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, PhotoPAQ, walipaka saruji yenye kichocheo cha mwanga kwenye kuta na dari ya sehemu ya handaki la magari la Leopold II, upande wa kaskazini-magharibi mwa jiji, wakafunga taa za urujuanimno, wakapima oksidi za nitrojeni. Katika maabara saruji za namna hiyo huonyesha matokeo ya kuvutia. Ndani ya handaki, punguzo halikuzidi asilimia 2. Uso wa saruji ulichoka upesi kwa uchafu mwingi, hewa ilipita kwa kasi, na mwanga haukutosha. Watafiti hao wakayachapisha matokeo yao kama yalivyo, na tunawaheshimu kwa hilo.

Hewa yenyewe bado ni tatizo. Rue de la Loi, barabara inayokata Quartier européen kama mfereji kati ya majengo marefu, inajulikana kwa moshi wa magari. Ugomvi wa wakazi wa Brussels juu ya wapi vipimo vya hewa viwekwe ulifika hadi Mahakama ya Haki, iliyoamua tarehe 26 Juni 2019 kwamba ukomo ukivukwa katika kituo kimoja tu cha kupimia, sheria imevunjwa. Kwa dioksidi ya nitrojeni ukomo huo ni mikrogramu 40 katika mita moja ya ujazo, wastani wa mwaka, na kufikia 2030 utashushwa hadi 20. Kesho mfanyabiashara akifika Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura na rangi "inayosafisha hewa", nani atamuuliza kwa lugha ya diwani na ya mama ntilie: umeipima handakini, au bilaurini tu?

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Rutili haikuja Kwale kutoka kitabuni. Imo katika mchanga. Kampuni ya Base Titanium ilichimba huko ilmeniti, rutili na zirkoni, shehena ya kwanza ikaondoka kwa meli mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kwa zaidi ya miaka 10 madini hayo yalipita Likoni kwenda ng'ambo. Mwenzetu anasema nyumbani kwao yaliitwa "madini" tu, kama vile mtu amwitavyo mgeni "yule". Kitu kilichotoka chini ya miguu ya nyanyake ndicho anachokitengeneza kwa mikono yake maili elfu kadhaa kutoka hapo, na kati ya wawili hao hakukuwa na neno.

Tunajua pingamizi. Kwanza, kwamba kuunda istilahi ni kazi ya BAKITA na taasisi za utafiti. Tunaziheshimu. BAKITA imekuwepo tangu 1967, na TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wengi wetu kabla hatujazaliwa. Lakini kamusi huorodhesha maneno, haiandiki maelezo ya jaribio wala onyo la ukutani. Istilahi isiyotumiwa katika sentensi ni nguo dukani. Anayeivaa ndiye anayejua inapobana.

Pili, kwamba sayansi haina soko kwa Kiswahili. Wanaosema hivyo tungewapeleka tena mtaa uleule wa Schuman. Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24. Kimalta ni mojawapo, na wasemaji wake wote hawafiki idadi ya wakazi wa Mombasa. Kiayalandi kilipata hadhi hiyo mwaka 2007, lakini kwa miaka 15 sehemu kubwa ya sheria haikutafsiriwa kwa lugha hiyo, mpaka tarehe 1 Januari 2022 kikapewa nafasi kamili. Katikati watu walikaa wakatunga maneno. Hawakusubiri soko. Hatudai Kiswahili kiwe lugha ya 25 ya Umoja wa Ulaya, hilo si letu. Tunauliza tu kwa nini fundi wa Valletta asome onyo la vumbi kwa lugha ya mamake, na fundi wa Likoni asisome.

Mapendekezo yetu ni madogo na yanawezekana. Kila toleo la jarida hili litenge kurasa mbili kwa jaribio moja la maabara lililoandikwa kwa Kiswahili na watu wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa sayansi, na majina yao yote mawili yatajwe. Wahadhiri wetu, tunawaomba mkubali kazi ya namna hiyo kuwa mradi wa muhula, isahihishwe kwa ukali uleule wa insha ya fasihi. Na sisi wanachama, tuache kuwa mahodari wa kucheka "uchochezi wa mwanga" bila kumpa aliyeusema neno lililo bora.

Wiki mbili baada ya siku ile bustanini, mwenzetu alimpigia nyanyake. Tulikuwa tumemwandalia sentensi nne, naye akazisema: kwamba anapika unga mweupe wa madini, ya namna ileile iliyochimbwa kwao, kwamba unga huo ni mseto wa fuwele mbili, kwamba ukiangaziwa huchochea uchafu wa majini uvunjike, kwamba bado anajaribu, na hajui kama utafaa nje ya maabara. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na huo unga ukipaa, hauumizi kifua?"

Ndilo swali ambalo kanuni, mahakama na wataalamu wa Ulaya walilibishania kwa miaka hadi 2025. Yeye alilifikia kwa sentensi nne, kwa sababu safari hii aliambiwa kwa lugha yake. Mwenzetu alimjibu, akachukua muda, na hakurudi kwenye Kiingereza hata mara moja.